Logo ya kampuni haifai kuishi kwa WhatsApp

Wateja wetu wengi hawajui jina letu. Mama anayeuza rejareja pale Kibuye siku ya Jumapili haulizwi jina, anaambiwa tu "nipe ile ya kifuniko kijani yenye njugu mbili", anachukua, analipwa, imeisha hivyo. Kampuni yetu ni ndogo, iko hapa Kisumu, tunasaga siagi ya njugu, tunapaki asali na njugu za kukaanga, na mimi ndio niko ofisini, kwa hivyo lebo, stika, benna, aproni, vitabu vya risiti na picha za kupost zote zinapitia kwa meza yangu. Na venye nimeona ni hivi, kama mtu anakujua kwa macho, basi kila wakati ile picha anayoijua inabadilika kidogo kuna mteja anaipita kwa rafu akidhani si yenu, na hatakupigia simu kukuambia.

Huyo mama wa Kibuye lakini aliniambia. Kuna lebo zilikuwa zimetoka kwa printi na kijani imepauka, tukasema wacha ziende tu juu oda ilikuwa inangojewa, na nilipopita sokoni akanishika mkono akanivuta kando.

"Nyathina (yaani mwanangu), hii ya leo imetoka kwa nani? Watu wanasema si ile."

"Ni yetu mama, hata ndani ni ile ile. Ni rangi ya lebo tu imetoka hivyo."

"Sawa, lakini mimi siwezi kukaa hapa nikieleza kila mtu. Akiuliza mara mbili anaenda kwa jirani."

Na kumbuka hii ni siagi ya njugu, chakula ambacho watu wanakiangalia na jicho la wasiwasi tayari kwa sababu ya mambo ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu wa njugu. Mtu akiona lebo imebadilika hafikirii mambo ya dizaini, anafikiria feki.

Sasa vitu hivi huharibikia wapi? Watu hukimbilia kulaumu dizaina, lakini mara nyingi dizaina alifanya kazi safi na akalipwa akaenda. Vinaharibikia pale mtu anasema "nitumie logo haraka niko kwa fundi". Kijana wetu wa mauzo yuko Bondo, amepata mtu wa kuprinti tisheti kwa bei nzuri, anaingia kwa WhatsApp yake, anapandisha juu mpaka apate ile logo ilitumwa kwa grupu mwaka juzi, anaforwadi. Hiyo picha WhatsApp ilishaibana ilipotumwa mara ya kwanza, alafu pengine aliyeituma hakuwa na faili alikuwa na skrinishoti. Skrinishoti ya simu za kawaida ina upana wa pikseli 1080 hivi, na ukiprinti kitu cha kushikwa mkononi kwa DPI 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, venye wenye printi hupenda, hizo pikseli zinakupea inchi 3.6 tu, yaani sentimita 9, na ata ukishusha mpaka DPI 100 juu ni benna ya kuangaliwa kwa mbali, bado ni sentimita 27. Sasa huyo fundi anavuta hiyo kitu mpaka mita tatu. Kingo zote zinaota manyoya.

Alafu kuna ile boksi nyeupe. JPG, ile aina ya faili ya picha za kawaida, haina uwazi wa kuonyesha kilicho nyuma, kwa hivyo ukiiweka juu ya aproni ya kijani logo inakuja na mraba wake mweupe nyuma, na fundi akiona hivyo anaona vibaya, anaamua kukusaidia. Anaandika jina lako upya na fonti yenye iko kwa kompyuta yake, anachukua kijani chenye kinakaribia, anachora njugu. Nia yake ni nzuri kabisa na hapo ndipo mnapata logo ya pili. Kitu chenye watu wengi hawafikirii ni kwamba huyo fundi ataisevu. Ukirudi kwake mwezi wa nane kuprinti flaya hatakuuliza tena, atafungua ile yake. Unajikuta kampuni moja ina logo yake ya Bondo, logo yake ya Busia na logo yake ya Luanda, kila moja inaishi kwa kompyuta ya mtu hujui jina lake.

Dawa ya hiyo inaanza na kuwa na faili lenyewe la asili, lile la vekta. Vekta haijahifadhi pikseli, imehifadhi hesabu ya mistari, kwa hivyo ukitaka kuiprinti kwa kalamu au kwa ubavu wa lori inatoka kali vile vile. Kwa wenye printi wa hapa mjini utaskia wakiuliza faili la CDR juu wengi wanatumia programu ya CorelDRAW, wengine AI (ile ya Adobe Illustrator), EPS au SVG, na PDF pia inaweza kubeba vekta, lakini hapo kwa PDF chunga sana, juu mtu anaweza kuchukua ile JPG yake mbaya akaiweka ndani ya PDF akakutumia na ukadhani umepewa kitu. Ifungue, zoom mpaka mwisho kwenye ukingo wa herufi. Ukiona ngazi ngazi, hiyo ni picha tu imefichwa.

Sisi siku hizi malipo ya mwisho ya dizaina hayatoki kabla hajaleta faili la asili, na halafu nakala ya pili yenye maandishi yamegeuzwa kuwa mistari, wenyewe wanaita kevu. Hiyo ya kevu ni muhimu juu ukipeleka faili kwa kompyuta haina ile fonti, programu inachagua nyingine yenyewe bila kukuuliza na jina lako linatoka na sura ya mtu mwingine. Na fonti yenyewe tuliambia dizaina achague kutoka Google Fonts, zile ni za bure ata kwa biashara, mtu yeyote wa ofisi anaweza kuzipakua akaandika kwotesheni na fonti ile ile iko kwa lebo. Ukimwacha dizaina achague fonti ya kulipiwa alafu asikununulie leseni, utabaki umekwama nayo.

Haya, faili sasa unazo, unaziweka wapi. Mimi nilizipanga venye stoo yetu ya njugu imepangwa. Gunia la njugu likiingia kutoka Homa Bay lina tarehe, likitoka linatoka kwa karatasi, na ufunguo uko na mtu mmoja, na hakuna mtu hushangaa juu kila mtu anajua njugu ni pesa. Faili za logo pia ni pesa. Zetu ziko Google Drive, zile GB 15 za bure zinatosha kabisa mradi usijaze video, na akaunti yenyewe ni ya imeili ya kampuni. Hapa nasisitiza, ya kampuni. Nimeona biashara mbili tatu hapa Kisumu zenye ukurasa wa Facebook ulifunguliwa na kijana wa atachment kwa akaunti yake, kijana akamaliza akaenda, na mpaka leo ukurasa uko pale na namba ya simu ya zamani na hakuna mtu anaweza kuingia kuubadilisha. Inauma kuona, juu wateja wanatuma ujumbe pale na hawajibiwi.

Ndani kuna foda mbili tu kubwa, Inayotumika na Zamani. Kwa Inayotumika kuna logo, lebo, printi, mavazi na mitandao, na kila foda ina toleo moja la kila kitu, moja tu. Kitu kikibadilishwa, cha kale kinahamia Zamani siku hiyo hiyo, hakifutwi, juu kuna siku utahitaji kujua lebo ya mwaka fulani ilikuwa imeandikwa nini, mteja akilalamika au mkaguzi akiuliza. Majina ya faili ni bidhaa, uzito, matumizi alafu tarehe ikianza na mwaka, kwa mfano siagi-400g-lebo-2025-02, na mwaka ukitangulia kompyuta inazipanga yenyewe kwa mfuatano. Neno "mpya" haliruhusiwi kwa jina la faili. Kila kitu ni kipya siku ya kwanza, alafu mwaka ukiisha una "lebo mpya" nne na hakuna mtu anajua ni gani.

Mtu wa mauzo akitaka logo hapewi picha, anapewa linki, na linki hiyo imebandikwa juu kabisa kwa grupu letu. Uzuri wa Drive ni kwamba unaweza kupakia toleo lingine juu ya faili lile lile na linki ikabaki ile ile, kwa hivyo ata fundi wa Busia aliyeisevu mwaka jana akiibonyeza leo anapata ya leo. Kama ni lazima WhatsApp, tuma kama dokyumenti, usitume kama picha, hapo haibanwi.

Sasa rangi. Hapa ndipo pesa zetu nyingi zimeenda kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kijani yetu kwa skrini ni #1B6B3A, na kwa namba za RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu, ni 27, 107, 58. Hizo ni hesabu za mwanga, simu inakutolea mwanga usoni. Karatasi haitoi mwanga, wino unameza mwanga na kurudisha kiasi, kwa hivyo printi inatumia hesabu nyingine, CMYK, yaani asilimia za wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi, na yetu ukiigeuza kwa hesabu tu inakaribia 75, 0, 46, 58. Nasema inakaribia juu karatasi nayo ina maneno yake. Stika ya kung'aa inatoa rangi imesimama, karatasi ya kaki inakunywa wino na kijani inageuka kama ina moshi, na kuna kijani zile kali za skrini ambazo wino wa kawaida hauwezi kuzifikia ata ufanye nini, kwa hivyo dizaina akikuonyesha kijani inawaka kwa laptopu yake usiipende haraka. Muulize itatoka aje kwa karatasi kwanza.

Na hizo namba zote peke yake hazitoshi, juu mashine mbili zikipewa namba moja zinaweza kutoa rangi mbili. Kwa hivyo kuna chupa moja ya gramu 400 iko kwa droo yangu, imefungwa kwa karatasi isipigwe na mwanga, ina sahihi ya boss na tarehe chini ya kitako. Hiyo ndiyo hakimu. Lebo zikitoka kwa printi, kabla sijapokea, naomba karatasi moja, natoka nayo nje mlangoni mchana, naiweka kando ya hiyo chupa. Nje, juu chini ya taa za ofisini rangi mbili zinaweza kufanana na zikifika juani zikaachana, na soko la Kibuye liko juani. Kama hazifanani hatupokei. Mwanzoni wenye printi walikuwa wanakasirika, siku hizi wananiuliza wenyewe "madam umekuja na chupa?"

Kitu kingine chenye nataka mtu mwenye anaanza biashara ashike ni hiki, angalia kwanza kitu gani kwa bidhaa yako huwezi kubadilisha rangi yake. Kwetu ilikuwa kifuniko. Vifuniko vya plastiki tunanunua vikiwa tayari, na ukitaka kiwandani wakutengenezee rangi yako mwenyewe lazima uagize mzigo mkubwa sana, biashara ndogo haiwezi. Kwa hivyo tulichukua kifuniko chenye kinapatikana kila wakati tukatafuta kijani ya lebo kwa kukifuata. Watu wengi hufanya kinyume, wanachagua rangi kwa kompyuta alafu wanazunguka mji mzima wakitafuta kifuniko cha kufanana nayo na hakuna.

Mavazi yana mambo yake. Kwa skrini printi, ile ya kusukuma rangi kwa kitambaa kupitia wavu, kila rangi inahitaji fremu yake, kwa hivyo logo ya rangi tatu inakulipisha mara tatu ya maandalizi, na ndiyo maana lazima uwe na logo ya rangi moja tu iliyofikiriwa vizuri na dizaina, isiwe fundi ndiye anaamua rangi gani ya kutoa. Kwa kudarizi, herufi ndogo hazitoki, uzi ni mnene, kwa hivyo ile mistari ya chini yenye inaeleza bidhaa inatolewa na linabaki jina na njugu. Na fundi wa kudarizi akishageuza logo yako kuwa faili la mashine, mara nyingi ni DST, mwambie akupe nakala, umeilipia. Mwaka ujao ukienda kwa mwingine hulipi tena hiyo kazi, na kofia za mwaka jana na za mwaka huu zinafanana.

Lakini kitu kilibadilisha mambo kabisa huku chini kwa maduka ni stensili, ile plastiki iliyokatwa umbo la logo unapaka rangi juu yake. Mawakala wetu wengi wana vibanda, na tunawapakia rangi mbele ya kibanda. Fundi wetu wa kuandika maduka anakaa upande wa Kondele, mkono wake ni mzuri sana, lakini akichora njugu kwa mkono kila kibanda kinapata njugu zake. Tukapeleka ile vekta kwa wenye mashine ya kukata vinaili wakatukatia stensili mbili kwa plastiki ngumu, moja ya kijani na moja ya kahawia, na kila moja ina vitundu vinne pembeni vya kulinganisha, unapiga msumari mdogo kwa vitundu hivyo ukutani, unapaka kijani, unatoa, unarudisha ya kahawia kwa misumari ile ile, zinakaa sawasawa. Ziko kwake zimetundikwa ukutani nyuma ya ngazi, kingo zimejenga rangi kavu, anazikwangua na kitambaa cha thina kila akimaliza kazi juu rangi ikijaa sana kwa kingo herufi zinaanza kunenepa. Pembeni amebandika vifuniko viwili vya mikebe ya rangi, kila kimoja kina tone la rangi limekauka na namba ya mkebe imeandikwa kwa maka. Hakuna mtu alimwambia afanye hivyo. Kibanda cha Ahero na cha Luanda sasa ukipita kwa matatu huwezi kutofautisha, na yeye anamaliza kazi kwa nusu ya muda.

Na kabla usahau, kaunti inadai ada ya matangazo kwa ukuta na kwa gari lenye maandishi, kwa hivyo uliza kwanza, risiti yake pia ina foda yake.

Tukija kwa lebo yenyewe, kuna sehemu ambazo dizaina haruhusiwi kuzigusa, na nimeziandika hivyo hivyo kwa faili: usiguse. Ya kwanza ni barkodi. Dizaina mmoja alituletea lebo nzuri mno, kila kitu kahawia juu ya krimu, mpaka barkodi ikawa kahawia ifanane na zingine. Kwa macho inapendeza. Tukapeleka mzigo supamaketi moja hapa mjini na keshia akajaribu kupiga, ikakataa, akageuza chupa, akapangusa, akajaribu, ikakataa, foleni nyuma inakua, mwishowe akaandika zile namba 13 kwa mkono. Akafanya hivyo kwa chupa ya pili. Maboksi yalirudi. Sababu ni kwamba mashine nyingi za kusoma barkodi zinatumia mwanga mwekundu, na rangi zenye nyekundu nyingi ndani, kahawia ikiwemo, zinarudisha huo mwanga karibu sawa na nyeupe, kwa hivyo mashine haioni mistari, inaona ukuta mtupu. Nyeusi juu ya nyeupe, basi. Saizi yake ya kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, unaweza kuipunguza mpaka asilimia 80 na usipite hapo, na ile nafasi nyeupe kulia na kushoto ni sehemu ya barkodi, usiweke kitu. Chupa ikiwa nyembamba geuza mistari ilale, juu ikisimama ile ya pembeni inapotelea kwa mzunguko wa chupa. Namba zetu zinaanza na 616 juu zimetoka GS1 Kenya, wale wanaotoa namba za barkodi.

Ya pili ni alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya kibali. Mteja anaweza kutuma SM# na hiyo namba kwa 20023 akajua kama ni ya kweli, na siku hizi wanatuma kweli, nimeona mtu akifanya hivyo mbele yangu akiwa ameshika chupa. Sasa fikiria umenakili lebo ya asali ukageuza jina tu kuwa siagi na namba ya kibali ikabaki ya asali. Ndiyo maana hatunakili lebo kutoka lebo, kila bidhaa ina templeti yake, na viungo, uzito, anwani, namba ya bechi, tarehe na mahali pa kuhifadhi vinajazwa kutoka karatasi moja ambayo mtu wa uzalishaji ameweka sahihi.

Jina nalo. Jina la kwa eCitizen, la kwa cheti cha KRA, la kwa till na la kwa lebo, yaangalie yote kwa siku moja, yaweke mbele yako. Mteja akilipa, ujumbe wa M-Pesa unakuja na jina la biashara, na kama amenunua siagi yenye jina moja alafu ujumbe unamwambia amelipa kitu kingine kabisa, moyo unaruka, anadhani ametuma pesa kwa mtu. Mawakala wetu walikuwa wanapoteza muda mwingi hapo. Sasa stika ya till iko na jina kamili lenye linatokea kwa simu, limeandikwa kubwa, na la bidhaa chini yake. Namba ya simu pia, moja tu, ya ofisi, si ya mtu.

Haya yote yako kwa karatasi moja ya A4, pande moja tu, imelaminetiwa iko ukutani karibu na mizani na nyingine iko kwa kila wakala. Niliona miongozo ya makampuni makubwa yenye kurasa themanini, ni mizuri, lakini kijana wa kupaki hatasoma kurasa themanini akiwa amevaa glavu. Yetu ina logo ilivyo sahihi, logo tatu zilizoharibiwa na alama ya mkasi juu yake, rangi mbili na namba zake, linki ya foda, na simu ya ofisini.

Kuna mtu ataniambia haya ni mambo ya makampuni makubwa. Mimi naona kinyume. Angalia ule mtandao wa simu ulioanza kama KenCell mwaka 2000, ukawa Celtel 2004, ukawa Zain 2008, ukawa Airtel 2010. Majina manne kwa miaka kumi, na kila mara walikuwa na pesa za kupaka rangi kila kibanda nchi nzima na kutangaza kwa redio mpaka kila mtu ajue ni wale wale. Sisi hatuna hizo pesa. Kampuni ndogo ikibadilika sura kwa bahati mbaya, kwa sababu ya skrinishoti ya mtu, hakuna tangazo la kuwaeleza watu. Ni huyo mama wa Kibuye peke yake na mdomo wake.

Kazi iko mezani saa hii ni KIPI, ile taasisi ya serikali ya hakimiliki za viwanda, tunataka kusajili trademaki, yaani alama ya biashara. Bidhaa hupangwa kwa makundi yanaitwa klasi, siagi na njugu zinaingia klasi ya 29, asali ni 30, kwa hivyo ni klasi mbili, ikikubaliwa inatangazwa kwa jarida lao na watu wana siku 60 za kupinga, alafu ukishapewa ni miaka kumi kabla ya kuihuisha. Ubishi wetu ni faili gani ipelekwe. Sheria inasema ukisajili bila kufunga rangi inahesabika umesajili kwa rangi zote, kwa hivyo mimi nataka tupeleke nyeusi juu ya nyeupe, tukilazimika siku moja kubadilisha kifuniko bado tumekingwa. Boss anasema watu wanatujua kwa kijani na mtu akiiga ataiga kijani. Hoja yake si mbaya, na wakala wa trademaki tunamuona Alhamisi. Zote mbili nimeziweka kwa foda ya logo zikiwa na tarehe.